Kujitolea kwenye banda la kampeni sokoni Luanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni kwa wakazi wa Luanda, Kaunti ya Vihiga, na wa miji mingine ya soko kama vile Yala, Ahero na Mumias, wanaotaka kumsaidia mgombea kwa kuhudumu katika banda la kampeni bila malipo. Hayakuandikwa kwa niaba ya chama chochote wala mgombea yeyote. Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, kwa kuwa Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, na tayari watu wameanza kuuliza. Sehemu kubwa ya majibu inatokana na sheria. Palipo na maoni ya mwandishi, ambaye amewahi kuratibu mabanda ya namna hii, imeelezwa wazi kwamba hayo ni maoni.

Banda la kampeni ni nini, na linatofautiana vipi na mkutano wa hadhara?

Banda la kampeni ni meza moja, mwavuli mkubwa au hema dogo, viti vichache, bango lenye jina na picha ya mgombea, vipeperushi, na daftari. Huwekwa mahali ambapo watu wanapita kwa shughuli zao, na kwa muda wote linapokuwa wazi huwa na watu wawili au watatu wanaoijua sera ya mgombea vizuri kiasi cha kuweza kuielezea bila kuisoma.

Katika mkutano wa hadhara, mgombea anasema na umati unasikiliza, na msafara wa magari yenye vipaza sauti haumpi mwananchi hata nafasi ya kusikiliza vizuri. Kwenye banda, anayesema zaidi ni mwananchi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu pekee ya kutosha ya kuliweka. Banda ambalo wahudumu wake wanazungumza muda wote, wakisimama mbele ya meza na kuwavuta wapita njia kwa mikono, ni mkutano wa hadhara uliokosa jukwaa, na ni afadhali lifungwe.

Ni nani anayeruhusiwa kujitolea?

Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia uhuru wa kufanya uamuzi wa kisiasa, ukiwemo uhuru wa kukifanyia kampeni chama au jambo analoliamini. Kwa hiyo raia yeyote mtu mzima anaweza kujitolea, awe mkulima, fundi cherehani, mhudumu wa bodaboda, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliye nyumbani wakati wa likizo, au mzee aliyestaafu. Si lazima uwe umesoma sana. Baadhi ya wahudumu bora kabisa wa mabanda ni wanawake waliouza sokoni kwa miaka mingi, kwa kuwa wanawajua watu kwa majina na wanajua ni saa ngapi mtu ana nafasi ya kuzungumza na ni saa ngapi hapaswi kusumbuliwa.

Watumishi wa umma hawaruhusiwi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamkataza mtumishi wa umma kujihusisha na shughuli za chama au za mgombea. Hapa wengi huteleza kwa kudhani kwamba katazo hilo linawahusu wakubwa wa serikali tu. Chifu na naibu wake wamo. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu yumo, na muuguzi wa hospitali ya kaunti pia yumo, hata kama amekuja siku yake ya mapumziko na amevaa nguo za nyumbani. Mwalimu akipita bandani, mpokee na umsikilize kama mpiga kura mwingine yeyote, lakini usimpe kofia aivae wala vipeperushi akagawe.

Watoto walio chini ya miaka 18 wasipangiwe kazi yoyote. Mtoto anayemsaidia mamake kuuza mboga kwenye meza ya jirani hapaswi kutumwa kugawa karatasi za mgombea, hata kwa dakika tano, na hata kama mamake amekubali.

Je, nitalipwa?

Hapana. Kujitolea ni kujitolea. Hata hivyo, si haki mtu anayetoka Esirulo au Ebusakami aingie hasara ya nauli ya boda na kushinda njaa kwa sababu ya kumsaidia mwanasiasa, na kwa hiyo mabanda mengi hurudisha nauli na kutoa chakula cha mchana. Jambo hilo halina ubaya likifanywa kwa uwazi: kiasi kiandikwe, mpokeaji atie sahihi, na kila mmoja apate kulingana na nauli yake halisi. Ukiona mtu anapewa bahasha isiyoandikwa popote na kuambiwa awaletee majirani zake, hiyo si nauli tena.

Tufungue siku gani na saa ngapi?

Siku kuu ya soko ndiyo siku ya kufungua banda, kwa sababu siku hiyo Luanda hupokea watu kutoka pande zote za Bunyore, kutoka Gem na Yala upande wa Siaya, na kutoka Maseno. Siku nyingine zinafaa kwa kuzungumza na wachuuzi wenyewe, ambao siku kuu hawana hata muda wa kunywa chai.

Kampeni ina kipindi chake maalumu kinachotangazwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC. Kwa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, kipindi hicho kilianza tarehe 29 Mei na kumalizika tarehe 6 Agosti, na saa zilizoruhusiwa zilikuwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Usilifungue banda kabla ya kipindi hicho kutangazwa, hata kama washindani wenu wamekwisha kubandika picha zao kwenye kila nguzo ya umeme.

Ndani ya saa hizo, si kila saa ina faida. Asubuhi na mapema wachuuzi wanashusha mizigo na kupanga bidhaa, na wanunuzi wa jumla wanakimbizana na bei, kwa hiyo usimsimamishe mtu. Kati ya saa nne na saa nane ndipo watu wanapotulia. Baada ya hapo, kama mjuavyo hali ya hewa ya magharibi mwa Kenya, mawingu hujikusanya upande wa ziwa na mvua hunyesha ghafla. Banda lisilokuwa na turubai la akiba hupoteza vipeperushi vyote kwa dakika kumi, na daftari likilowa maji, maneno ya watu yamepotea pia. Mfuko mmoja wa plastiki mzito wenye kufungwa mdomo unatosha kuliokoa daftari.

Banda liwekwe wapi, na ruhusa inatoka kwa nani?

Masoko ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, na vivyo hivyo udhibiti wa matangazo ya nje na wa kelele. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kwenda katika ofisi ya kaunti iliyo karibu na kumwona msimamizi wa soko, mueleze mnataka kukaa wapi na kwa muda gani, mlipe ada inayotakiwa na mpewe risiti. Iwekeni risiti hiyo mezani. Askari wa kanjo akija, atakuta jibu limeandikwa, na hapatakuwa na haja ya kubishana naye mbele ya watu.

Hatua ya pili ni kamati ya wachuuzi. Sheria haiwalazimishi kuwaona, lakini adabu inawalazimisha. Mkiweka hema lenu mahali ambapo mama fulani ameuza nyanya kwa miaka kumi, mmekwisha kumpoteza yeye, jirani zake na wateja wake kabla hamjafungua mdomo. Nendeni siku moja kabla, muulize ni wapi mnaweza kukaa bila kumziba mtu, na mkubali mtakachoonyeshwa hata kama ni pembeni.

Ikiwa mgombea mwenyewe atakuja kuhutubia bandani, shughuli hiyo inageuka kuwa mkutano wa hadhara. Sheria ya Utaratibu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi aarifiwe kwa maandishi, angalau siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Tunzeni nakala yenye muhuri wa kituo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Busia inapita katikati ya Luanda, na matrela ya mizigo ya kwenda Uganda hupita hapo mchana na usiku. Mahali panapoonekana na watu wengi zaidi ni ukingo wa barabara hiyo, na ndipo mratibu wa kampeni kutoka mjini atakapowaambia mkae. Kataeni. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lililopoteza mwelekeo liliwaparamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Aidha, hifadhi ya barabara kuu iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, na risiti ya kaunti haiwapi haki ya kukaa juu yake. Wekeni banda ndani ya soko, au kwenye njia ya ndani, ambako mtu anaweza kusimama akazungumza bila ya kuangalia nyuma. Kura haihitaji kutafutwa kwenye mitaro ya barabara kuu.

Watu wakiomba pesa tufanye nini?

Wataomba. Hili ndilo swali ambalo kila mhudumu mpya huuliza, na ndilo linalowafanya wengine waache baada ya siku ya kwanza, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Sheria kwanza. Kumpa mpiga kura pesa au kitu chochote cha thamani ili apige kura kwa namna fulani, au asipige kabisa, ni kosa la hongo. Kumlisha na kumnywesha kwa nia hiyo hiyo ni kosa pia. Anayepokea naye ana hatia kama anayetoa. Kununua au kukusanya vitambulisho vya watu ili wasiweze kupiga kura ni kosa lingine.

Lakini sheria haitakusaidia sana mbele ya mama aliyekaa juani tangu alfajiri. Yeye hakuuzoea mchezo huo kwa kupenda. Wanasiasa wenyewe ndio waliomfundisha, kwa kuja mara moja kila baada ya miaka mitano wakiwa na noti za mia mbili na leso, kisha wakatoweka. Anapouliza mmemletea nini, anauliza swali la haki kwa kadiri ya historia yake. Usimkaripie na usimhubirie.

Mazungumzo huwa hivi. Mama mwenye ndoo ya omena anasema, «Mwanangu, leo mmetuletea nini?» Mhudumu mzuri anajibu, «Mama, leo hatukubeba pesa wala leso. Tumekuja kukusikiliza, utuambie soko hili linakusumbua wapi.» Mama anajibu, «Nikija kukaa hapo kwenu, omena yangu nani ataiuza?» Hoja yake ni ya kweli kabisa. Dakika ishirini za kuketi bandani zinamgharimu wateja. Jibu linalofaa ni moja tu: «Basi mimi nitakuja kwako, mama, uendelee kuuza huku tukizungumza.» Mhudumu anachukua daftari, anachuchumaa kando ya ndoo, ananyamaza kila mteja anapofika, na anaandika anachoambiwa. Nimeona watu waliokuwa wakidai ya chai wakizungumza namna hiyo kwa nusu saa.

Ukitaka kununua omena yake, nunua, lakini kwa bei ile ile anayolipa kila mtu, na uchukue chenji yako. Kumwachia chenji ya mia tano ukiwa umevaa fulana ya mgombea ni kumhonga kwa mlango wa nyuma, na jirani zake wote wameona.

Kuna wale ambao si wachuuzi, bali ni vijana wanaozunguka kutoka kambi moja hadi nyingine wakidai kwamba wana watu mia moja nyuma yao na kwamba watawaleta kwa bei fulani. Hao wapewe jibu fupi na la heshima, na wasiachwe wakae bandani. Kwa maoni yangu, mgombea anayewaruhusu wahudumu wake kununua watu sokoni anapaswa kuachwa na wahudumu hao, hata kama wamemfanyia kazi kwa miezi. Huna deni naye.

Tuzungumze lugha gani?

Luanda ni mahali ambapo Kinyore, Kijaluo na Kiswahili vinasikika kwenye meza moja. Anza kwa salamu ya mtu mwenyewe ukiijua, iwe «Mulembe» au «Oyawore», kisha endelea kwa lugha anayoichagua yeye. Pangeni zamu ili kila wakati kuwe na angalau mhudumu mmoja anayezungumza kila lugha. Msizungumze kwa lugha ya mama mbele ya mtu asiyeielewa, kwa sababu atadhani anasengenywa, na katika msimu wa siasa dhana hiyo ni mbaya. Wazee waitwe baba, mama au kuka (babu) kama kawaida yenu. Mkubwa kwako kwa umri asiitwe kwa jina tupu kwa kuwa tu jina lake limo kwenye sajili.

Mtu akiomba jambo ambalo mgombea hana mamlaka nalo, tumjibu vipi?

Mwambieni ukweli kwamba hana mamlaka nalo, na mwelezeni ni nani aliye nayo. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, mbunge, na mwakilishi wadi. Wagombea wa nafasi zote sita huahidi barabara, shule na ajira kwa sauti ile ile, na mwananchi anabaki hajui amdai nani. Mhudumu wa banda anaweza kumsaidia kuliko kitabu chochote cha elimu ya uraia.

Soko, ushuru wake, choo chake na taka zake ni kazi ya kaunti. Zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya mashinani na barabara za kaunti pia. Shule za msingi na za sekondari, polisi na vitambulisho ni vya serikali ya kitaifa. Barabara kuu ya Busia ni ya KeNHA. Hazina ya NG-CDF, yaani fedha za maendeleo ya maeneo bunge, ni ya ngazi ya eneo bunge, kwa hiyo mgombea wa uwakilishi wadi anayeahidi kuigawa anaahidi kisicho chake.

Chukulia swali la ushuru, ambalo mtaulizwa kila siku. Mwakilishi wadi hawezi kumwamuru mtoza ushuru asikuguse. Anachoweza kufanya ni hiki: viwango vya ushuru wa soko huwekwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, na mswada wake hupitishwa na bunge la kaunti, ambalo yeye ni mjumbe wake. Wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla haujapitishwa. Kwa hiyo ahadi ya kweli ni kwamba ataupinga au kuurekebisha mswada huo, na kwamba atawaleta wachuuzi kwenye kikao cha maoni. Ni ahadi ndogo kuliko «nitafuta ushuru», lakini ni ahadi ambayo mama wa sokoni anaweza kumfuata nayo mpaka ofisini na kumuuliza ilifikia wapi.

Kama hujui jibu, sema hujui, andika swali na jina la anayeuliza akikubali, na umletee jibu siku ya soko inayofuata. Ukirudi na jibu, hata likiwa si zuri, utakuwa umefanya kitu ambacho watu wengi sokoni hawajawahi kufanyiwa na mtu wa siasa.

Daftari la bandani liandikwe nini?

Liandikwe maneno ya watu, kwa ufupi na kwa usahihi, pamoja na mahali tatizo lilipo. «Maji» peke yake haina maana. «Bomba karibu na wauza kuku lina maji siku mbili kwa wiki, mtungi unanunuliwa siku nyingine» ina maana. «Choo kimefungwa tangu mvua ianze, ushuru unatozwa kama kawaida» ina maana zaidi, kwa kuwa inamwonyesha mgombea malalamiko mawili na uhusiano wake. Andikeni pia sifa mbaya za mgombea wenu mnazoelezwa. Mhudumu anayezificha ili kumpendeza mkubwa anamnyima habari pekee ambayo wapambe wake hawatampa kamwe.

Jioni, mtu mmoja asome yaliyoandikwa kwa sauti mbele ya wenzake na mgombea au mwakilishi wake.

Tunaweza kuchukua majina, nambari za simu na za vitambulisho?

Majina na simu, ndiyo, kwa idhini ya mwenyewe na baada ya kumweleza zitatumika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka hivyo. Nambari za vitambulisho msizichukue bila sababu ya kisheria, na msipige picha kitambulisho cha mtu kwa simu zenu.

Tahadhari hii ina historia. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha wananchi kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi waligundua kwamba walikuwa wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Tangu hapo watu wanaogopa kila karatasi yenye mistari na nafasi ya sahihi, na wana haki. Kwa kuwa mtu haruhusiwi kuwa mwanachama wa zaidi ya chama kimoja, kumwandikisha bila ridhaa yake kunaweza kumletea matatizo halisi. Kama mnaandikisha wanachama, iwe ni fomu tofauti, yenye jina la chama juu kabisa, na msomeeni asiyejua kusoma kabla hajatia sahihi au kidole.

Mgombea wa kujitegemea ana sababu halali ya kukusanya sahihi: Katiba inataka anayewania uwakilishi wadi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na anayewania ubunge 1,000 katika eneo bunge. Banda ni mahali pazuri pa kazi hiyo. Lakini hakikisheni kwamba anayetia sahihi ni mpiga kura wa wadi hiyo hasa, kwa maana soko huleta watu wa kaunti tatu, na sahihi ya mtu wa Gem haimsaidii mgombea wa Vihiga.

Je, tunaweza kuwaandikisha wapiga kura?

Hapana. Kazi hiyo ni ya makarani wa IEBC peke yao, kwa mitambo yao. Mnachoweza kufanya ni kumwelekeza mtu kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge na kumkumbusha abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Mweleze vivyo hivyo hata kama amekwambia kwamba hatampigia mgombea wako.

Wafuasi wa mpinzani wakija kutuvuruga?

Msijibu kwa matusi, msizime muziki wao, msishike mabango yao. Msafara wao ukipita, kaeni mketi mpaka upite. Kanuni za uchaguzi zinakataza kuharibu mabango ya wengine na kuwatisha wafuasi wao, na vitendo vya wafuasi humrudia mgombea. Katika uchaguzi mdogo wa Kasipul wa Novemba 2025, baada ya ghasia zilizosababisha vifo, kamati ya IEBC ya kusimamia kanuni hizo iliwatoza wagombea wawili faini ya shilingi milioni moja kila mmoja.

Maneno yana uzito vilevile. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilitungwa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, wengine wao hapa jirani Kisumu. Matamshi ya chuki yanaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwetu hapa jambo la kuchunga zaidi ni mzozo wa mpaka wa Maseno kati ya Vihiga na Kisumu. Mtu atakuja bandani akitaka mseme kwamba «wale wa upande ule» warudi kwao. Mhudumu aseme kwamba mipaka ina taratibu zake za kisheria, na ageuze mazungumzo. Akiendelea, mumwombe kwa upole aondoke. Fujo ikianza, acheni meza na vipeperushi, ondokeni, kisha mripoti kituo cha polisi. Hakuna bango lenye thamani ya jino la mtu.

Mimi ni mwanamke. Je, nitakuwa salama?

Wanawake wanaojitolea hukumbana na matusi na kushikwashikwa, mambo ambayo wanaume hawakumbani nayo, na kuficha jambo hilo hakumsaidii mtu. Msikubali zamu ya mtu mmoja peke yake. Banda lifungwe kukiwa bado na mwanga wa kutosha wa kufika nyumbani, ingawa sheria inaruhusu hadi saa kumi na mbili. Anayesumbua wanawake bandani, hata akiwa rafiki wa mgombea au mfadhili wake, aondolewe siku hiyo hiyo, na mratibu asiyetaka kumwondoa asitegemee kupata wahudumu kesho.

Kampeni ikifungwa tufanye nini?

Kampeni husimama saa 48 kabla ya siku ya kupiga kura. Banda likunjwe, mabango ya sokoni yatolewe na waya na misumari iokotwe, kwa kuwa watoto na ng'ombe hupita hapo. Siku ya uchaguzi, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo huruhusiwa kupiga kura. Usiende kituoni na fulana au kofia ya mgombea. Wanaotaka kuwa mawakala wapate barua za uteuzi na kiapo mapema, maana kazi hiyo ina masharti yake.

Daftari litolewe nakala. Moja apewe mgombea, awe ameshinda au ameshindwa, na nyingine ibaki kwa kamati ya wachuuzi, ambao wataihitaji mswada wa fedha wa kaunti utakapokuja kuombewa maoni mwaka unaofuata.